Mbegu Mbichi Nilizomuuzia Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha pale mama mkwe alipofunga kile kifurushi cha mbegu kwenye upindo wa nguo yake, akaniombea heri, akaondoka sokoni akitembea kama mtu aliyebeba yai. Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza kilichofuata. Mmoja ameniita nyoka. Nyoka angalau hamgongi mama wa mkewe kisha akasimama kupokea shukrani.

Kwa aliyenikuta leo, nitasema kwa ufupi. Miaka kumi na minne nilifanya kazi kwenye kitalu cha miche, kazi yangu ikiwa kukausha, kupepeta na kuchagua mbegu za miti. Kitalu kikafungwa. Nikatandika turubai langu sokoni, kati ya muuza vitunguu na mnoa visu, nikaanza kuuza mbegu nilizochuma mwenyewe: za miti ya kivuli, ya kuni, ya malisho ya mbuzi, ya kupanda mipakani mwa mashamba. Wakulima wakaniita Fundi Mbegu. Hakuna aliyeniuliza cheti, wala sina.

Mnoa visu ana bahati yake. Kisu kikiwa butu, mteja anajua palepale. Mbegu humpa mwongo mwezi mzima wa kujificha.

Mama mkwe alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na mmoja. Mashamba yao yako mlimani, na kila mvua kubwa ikinyesha udongo hushuka bondeni ukawaachia mawe. Wakataka kupanda migrevilea mipakani, miti mirefu inayoshika udongo na isiyogombana na mahindi. Wakampa mwenyekiti wao fedha akanunue mbegu. Akaja kwangu. Angeenda kwa nani tena?

Sasa, mbegu ya mgrevilea haina subira. Ikikomaa, ganda linapasuka na upepo unaichukua. Ukichelewa siku mbili, umekuta maganda matupu. Mwaka huo wachumaji tulikuwa wengi, kila mmoja akimwahi mwenzake, nami nikawawahi wote. Nikazichuma zikiwa bado za kijani, nikazianika juu ya bati mpaka zikageuka rangi. Kwa macho, zilikuwa zimekomaa.

Hazikutosha. Juu ya kabati nilikuwa na kopo la mbegu zilizobaki mwaka juzi. Mbegu ya mti huu ikikaa ovyo hata miezi michache tu, inakufa. Nikazimwaga humo, nikachanganya.

Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Asiyejua hupotea. Mimi sikupotea, nilikwenda nikiijua njia.

Tena nikamwomba asiwaambie wenzake kwamba amenunua kwangu. Nikamwambia watu wana maneno, watasema anamlisha mkwe wake kwa mfuko wa kikundi. Akaona nina busara. Akaenda kuwaambia kwamba amenunua duka la mbegu, mjini.

Haya. Wiki tano zikapita.

Mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake akasema naitwa. Mbegu hazijaota. Mama amenihitaji nikaangalie matuta, maana mimi ndiye mjuzi.

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Mama mkwe anakaa karibu na kijito, na kwa ajili ya kitalu cha kikundi alikuwa ameng'oa nusu ya bustani yake ya mboga. Nikamwamkia, akaniitikia, akanitangulia kwenye matuta bila kuketi.

Ndugu zangu, nimeona vitalu vingi. Sijawahi kuona matuta yaliyotunzwa vile. Mchanga ulikuwa umechekechwa mpaka ukawa laini kama unga. Kivuli cha nyasi kilikuwa kwenye kimo kinachotakiwa, si juu wala si chini. Pembeni aliweka kopo lililotobolewa tundu ndogondogo, ili maji yadondoke polepole yasizifukue mbegu. Hakuna mtu aliyemfundisha hilo la kopo. Alilifikiria mwenyewe.

Kwenye matuta yote manne, kwenye nafasi ya maelfu ya miche, nilihesabu michache tu, imechoka, inainama.

Nikaingiza kidole mchangani nikatoa mbegu moja. Niliibonyeza ikatoka uji. Nikafukua nyingine, ikavunjika kama ganda la karanga lisilo na karanga.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele yangu, mikono imekumbatia magoti. Mtu mzima yule, tena mkwe, ambaye kwa heshima sikuwa hata nikimtazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayejua. Niambie nimekosea wapi."

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kusema mama, hujakosea. Maneno mawili, na yote mtakayoyasoma hapa chini yasingetokea.

"Maji, mama," nikasema. "Umezidisha maji. Mbegu zimeozea ardhini."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu akaanza kujieleza, kama mtoto mbele ya mwalimu wake. Alikuwa anaogopa zisikauke. Jua lilikuwa kali wiki ile ya pili. Alikuwa anazinywesha asubuhi na jioni, na siku nyingine hata mchana. Akasema ni kweli, ni tamaa yake ya kutaka kuona zimeota upesi.

Nikamwambia asijilaumu sana.

Aliposikia hivyo alinishukuru. Akaingia ndani, akatoka na mkungu wa ndizi mbivu, akasema ni za watoto. Nikaubeba begani mpaka nyumbani. Watoto walifurahi. Mimi sikula hata moja, lakini msinisifu kwa hilo. Kukosa hamu ya kula si toba.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuficha kosa. Wiki ileile alikiita kikundi akawaambia kwa kinywa chake: mbegu zimeoza, nimezidisha maji, nisameheni.

Nilidhani watamsamehe mambo yaishe. Ndivyo nilivyojipangia. Lakini msimu wa mvua ulikuwa unakaribia, na miche ya mvua hii isipokuwepo, ni mwaka mzima mwingine wa kutazama udongo ukishuka bondeni. Wanawake walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Kosa lao lilikuwa moja tu: waliielekeza kwa asiyehusika.

Wakamtoa uenyekiti. Kiti akapewa katibu, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo kila mtu anamwita Mwalimu, mwanamke wa kalamu na miwani, asiyempenda mtu wala kumchukia mtu. Kitalu kikahamishiwa kwake. Siku ya kuhama, walikuja na mabeseni wakazoa ule mchanga uliochekechwa na mama mkwe, na naye akawasaidia kuubeba.

Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni neno aliloliacha mmoja wao pale kijitoni, wakati wa kunawa miguu. Alisema tangu mama yule afiwe na mumewe, kila anachokishika kinakauka.

Neno hilo lilimfikia. Maneno ya namna hiyo hayahitaji nauli.

Mke wangu alipolisikia alilia mchana kutwa. Alisema mama yake hajawahi kuharibu hata mchicha. Alisema kuna kitu hapa hakikai sawa: mtu aliyelea watoto sita na bustani tatu, leo ashindwe kumwagilia mbegu? Nikamwambia miti si mchicha. Nikasema kwa sauti ya mjuzi. Aliniangalia.

Siku mbili baadaye alikuwa anafanya usafi. Akapanda kwenye kigoda kufuta vumbi juu ya kabati. Kitambaa kikasimama. Kwenye vumbi palikuwa na duara safi, ukubwa wa kopo.

Aliniuliza lile kopo liko wapi. Nikasema nimelitupa. Akauliza na zilizokuwemo? Nikajifanya natafuta kiatu changu.

Akashuka kwenye kigoda, polepole, akakaa juu yake.

"Ulimpa mama yangu mbegu za kwenye kopo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Theluthi tu," nikajibu.

Theluthi tu. Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo natamani ardhi ipasuke. Akauliza na zile nyingine. Nikasema zilikuwa mbichi kidogo. Akacheka, kile kicheko ambacho mtu anacheka akikosa pa kuweka machozi.

Nilingoja matusi. Nilingoja afunge nguo zake aende kwao. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniambia Jumamosi kikundi kina mkutano, na Mwalimu ameomba Fundi Mbegu ahudhurie awape ushauri. Akasema yeye hatamwambia mama yake, maana si yeye aliyemdanganya. Nitasema mimi, mbele ya walewale waliomvua kiti, na yeye atakaa pembeni yangu kuhakikisha sijasahau.

Kuanzia hapo akawa anazungumza nami kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Na mimi niko palepale mezani.

Mngekuwa ninyi, mngefanya nini? Mngesema. Mimi nikatafuta kazi. Mtu mwenye hatia hupenda kazi ngumu, anadhani jasho linaosha.

Ng'ambo ya bonde kuna migrevilea mingine, inayochelewa kukomaa kwa sababu ya baridi. Nilikwenda huko nikakaa siku tatu. Safari hii nilifanya kama nilivyofundishwa kitaluni. Sikuchuma kwenye mti mmoja tu ulio karibu na njia. Nilichagua miti zaidi ya ishirini, iliyonyooka, iliyo mbalimbali, nikangoja maganda yageuke yenyewe, nikazikausha kivulini juu ya shuka. Mbegu zikatoka nono, zimejaa. Nilizitazama nikajisikia mtu mwema. Mnaona jinsi nilivyo mwepesi kujisamehe?

Ijumaa nikampelekea mama mkwe. Mpango wangu ulikuwa hivi: atazipokea, atawapelekea wenzake kama zawadi, zitaota, heshima yake itarudi, na mimi sitahitaji kusema chochote mbele ya mtu. Nilitaka kuziba shimo bila kukiri kwamba nililichimba.

Nilimkuta ameketi kibarazani. Pale palipokuwa na matuta palibaki mistatili minne ya udongo mtupu. Hakuwa amerudishia mboga.

Nikamwambia nimemletea mbegu nyingine, bure, za kikundi. Hakunyoosha mkono.

"Mpelekee Mwalimu," akasema. "Mimi wamenipumzisha, na afadhali. Mkono wangu huu..." Akautazama mkono wake, hakumaliza.

Alikuwa ameshaamini. Ile kauli ya kijitoni ilikuwa imemwingia, na sasa yeye mwenyewe aliuogopa mkono wake. Mwanamke aliyetoboa kopo ili mbegu zisiumie. Nikasema tu kwamba angalau azione.

Akazifungua, nadhani kwa kunistahi. Akachota chache, akazipima kiganjani. Akachukua moja akaibonyeza kwa ukucha. Haikubonyea.

"Hizi ni nzito," akasema. "Umezitoa wapi?"

"Ng'ambo ya bonde, mama."

"Na zile za kwanza?"

"Hukohuko."

Alikunja karatasi vizuri, kona kwa kona, akaniwekea kifurushi mkononi, akanifunga vidole juu yake. Akaniambia niende salama, niwasalimie watoto.

Njiani nilijiambia kwamba hakushtuka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye darasa la watoto wadogo. Tulikalia madawati ya chini, magoti yamefika kifuani. Mimi na mke wangu tulikuwa nyuma. Mama mkwe alikaa peke yake karibu na dirisha. Mwalimu aliandika ajenda ubaoni kwa chaki, na mimi nikachagua mahali pangu: ya mwisho, mengineyo. Nitasema kwenye mengineyo. Hata aibu yangu niliitafutia pembe ya kujibanza.

Kumbe Mwalimu alikuwa amemwita mtu mwingine. Aliingia afisa wa misitu, mwanamume mpole mwenye begi la mgongoni, anayejulikana na wote kama Bwana Miti. Akanisalimia kwa furaha. Tulifahamiana tangu enzi za kitalu.

Aliuliza kama kuna mbegu zilizobaki za zile zilizokufa. Nikaomba kimoyomoyo zisiwepo. Mama mkwe akanyanyuka, akatoa karatasi ndogo aliyokuwa ameihifadhi, akampa.

Bwana Miti akaomba wembe na sahani. Akapanga mbegu kumi, akazipasua moja moja, huku wanawake wamemzunguka. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili imesinyaa. Ya tatu ndani ni ya kahawia, kama kutu. Alipofika ya kumi alikuwa amepata nzima moja.

Akawaeleza kwa upole. Hizi zilizosinyaa zilichumwa kabla ya wakati. Hizi za kahawia ni za zamani, zilikufa siku nyingi. Mtu amezichanganya makusudi. "Kosa si maji," akasema. "Hata angezilea kama mtoto mchanga, zisingeota."

Nyuso zikamgeukia mama mkwe, na yule wa maneno ya kijitoni akatazama sakafu.

Na mimi, je? Mimi nilishusha pumzi. Nilifurahi. Mama amesafishwa, na jina langu halijatajwa. Nikaona yameisha, hata ile ya mengineyo haina haja tena. Katika yote niliyowaandikia tangu tuanze, hili ndilo ninaloona haya zaidi kuliandika.

Furaha yangu haikumaliza dakika. Bwana Miti alisema atalifuata duka hilo mwenyewe, kwa sababu watu kama hao wanaua kazi ya mikono ya maskini. Mwalimu akafunua daftari la kikundi, akasoma kwamba mbegu zilinunuliwa mjini, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, tutajie. Duka gani?"

Mke wangu aliweka mkono juu ya goti langu. Ulikuwa wa baridi.

Mama mkwe alisimama. Alirekebisha nguo begani. Hakutazama nyuma.

"Hakuna duka," akasema. "Nilizichuma mwenyewe, kwenye miti ya barabarani. Nyingine nilikuwa nazo ndani, za zamani."

Mwalimu alivua miwani. Alimuuliza, kwa sauti ndogo, na fedha walizompa je?

"Nilizitumia nyumbani kwangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mwanamke aliyekuwa dawati la jirani aliinuka, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa upande wa pili wa darasa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Msidhani alikuwa ananilinda mimi. Alikuwa analinda sahani za wajukuu wake. Alijua jina la Fundi Mbegu likifa sokoni, ni binti yake atakayelala njaa. Ndiyo maana alikubali kuitwa mwizi, katika umri ule, na watu aliofyeka nao mashamba tangu ujana.

Bwana Miti aliona hali imeharibika, akataka kuwatuliza. Akasema yaliyopita si ndwele. Akasema mvua bado haijaanza, kuna muda wa kuotesha upya, na bahati nzuri kikundi hakina haja ya kuhangaika kutafuta mbegu. Akaninyooshea mkono. Akasema hapa nyuma ameketi mtu aliyefanya kazi hii miaka kumi na minne, mtu mwaminifu, na angekuwa yeye, asingenunua mbegu kwa mwingine. Kilemba cha ukoka, nami nikavikwa mchana kweupe.

"Fundi, simama wakuone," akasema.

Nilisimama. Wanawake wakanipigia makofi, wale waliokuwa wamechoka na wenye hasira, wakipiga kwa matumaini. Nilishika ukingo wa dawati.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama. Sasa aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, tulitazamana machoni. Akatikisa kichwa, kidogo tu: usiseme.

Pembeni yangu mke wangu akanong'ona, neno lake la kwanza kwangu bila mtoto katikati baada ya siku nyingi.

"Sema."

Makofi yakaisha. Nikafungua mdomo, na Mwalimu akashika kalamu. Niliyoyasema, wiki ijayo.